Dhulma kwa Mtoto Haina "Yaishe"

Waislamu wenzetu, msimu wa kilimo ukiwadia familia nyingi za Rufiji huhamia mashambani na kulala madunguni, zikilinda mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe na nyani. Watoto wa shule hubakia kijijini, wengine kwa bibi asiyejiweza, wengine peke yao. Hatumlaumu mzazi kwa kulima, atakula nini? Lakini mtoto aliyeachwa bila mtu mzima ni amana isiyo na mlinzi, na mara nyingi dhulma huanzia hapo.

Likishatokea la kutokea, wazee huketi, hutoza faini, mkeka hukunjwa. Faini huishia mkononi mwa baba, na mkosaji huendelea kupita njia ile ile apitayo mtoto kwenda kisimani. Sulhu ni jambo tukufu, ila mwenye kusamehe ni aliyedhulumiwa. Nani aliyemuuliza mtoto?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemwajibisha kila mwanajamii, si mzazi pekee, kutoa taarifa kwa serikali ya mahali pake ajuapo kuwa haki ya mtoto inavunjwa. Kwetu Ngarambe maana yake ni ofisi ya kijiji au ya kata, kisha afisa ustawi wa jamii, ambaye ana mamlaka ya kumwita mhusika na, akikaidi, kulifikisha shauri mahakamani. Ama aliyembaka mtoto, huyo si wa barazani, ni wa polisi. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, adhabu yake kwa mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30, na cha maisha iwapo binti hajafikia miaka 10.

Husemwa kuwa kauli ya mtoto haina uzito. Si kweli. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto mdogo aweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli. Na katika makosa hayo mahakama ikimwamini, kauli yake peke yake yatosha kumtia mtu hatiani.

Nasi walimu wa madrasa tusijitoe. Sheria imeruhusu kumrudi mtoto kwa kiasi na ikaharamisha ukatili. Mgongo wenye alama za bakora kwa sababu ya herufi moja haumo katika kiasi hicho.

Asiyeweza kufika ofisini apige 116, simu isiyolipiwa. Tunawaomba maimamu waitangaze namba hiyo baada ya sala ya Ijumaa, kabla watu hawajahamia madunguni.