Msaidizi akiondoka, tuulize ameacha nini

TANGU Jumatatu ya Septemba 22, 2025, vijiwe vya kahawa vya Temeke na Kinondoni vilikuwa na ajenda moja tu. Fadlu Davids aliachana na Simba, akarudi zake Morocco kwa Raja Casablanca, na watu wake wa benchi nao wakatimka. Kuanzia Tandika, Keko hadi Mbagala Rangi Tatu, na upande wa pili Mwananyamala, Tandale na Magomeni, shabiki wa Msimbazi alikuwa na sura ya mtu aliyeibiwa simu kwenye daladala. Anajipapasa mifuko, haamini.

Kuondoka kwa kocha mkuu tumeshazoea. Kinachouma safari hii ni kuondoka na wasaidizi. Utasikia kijiweni, "Huyo mkuu aende, lakini kwa nini hata msaidizi? Nani sasa anawajua wachezaji?" Mwingine anadakia kwamba viongozi wangewabana wasaidizi wabaki. Wa tatu, huyo lazima awe Yanga, anacheka na kuagiza kahawa nyingine.

Swali la huyo wa kwanza ni zuri kuliko anavyodhani. Ila ili kulijibu inabidi turudi nyuma kidogo, maana hii si mara ya kwanza kwa mashabiki wa mji huu kumlilia kocha msaidizi.

YA DJUMA MNAYAKUMBUKA?

Oktoba 2017 Simba ilimchukua Masoud Djuma, Mrundi aliyetoka kuipa Rayon Sports ubingwa wa Rwanda, akaja kuwa msaidizi wa Joseph Omog. Haikupita miezi mitatu. Desemba, Simba ikatolewa Kombe la FA na Green Warriors kwa penalti, Omog akapigwa chini, na Djuma akaachiwa timu. Januari 2018 akaja Mfaransa Pierre Lechantre, Djuma akarudi kwenye kiti cha pili. Mei mwaka huo Simba ikabeba ubingwa. Lechantre naye akaondoka, Djuma akakabidhiwa tena timu kwenye Kombe la Kagame, akafika fainali na kufungwa na Azam 2-1.

Piga hesabu hapo. Ndani ya mwaka mmoja mtu huyu ameishika timu mara mbili na kukaa nyuma ya makocha wawili. Shabiki alishamzoea. Alikuwa anaruka kwenye mstari, anashangilia kama sisi, anaongea Kiswahili na wachezaji. Jukwaani watu wakamfanya wao.

Julai 2018 akaja Mbelgiji Patrick Aussems. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Septemba timu iliposafiri mikoani Djuma alibaki Dar. Simba ikatoka suluhu na Ndanda kule Mtwara, ikafungwa 1-0 na Mbao jijini Mwanza, na mashabiki wakaanza kuliita jina la Djuma. Septemba 30 watani wakatoka 0-0. Wiki moja na ushee baadaye, Oktoba, klabu ikatangaza kuachana na Djuma.

Mji ulichafuka. Wapo walioapa hawaendi tena uwanjani. Wapo waliosema Aussems ameogopa kivuli cha msaidizi wake, na timu sasa imekwisha.

Kilichotokea ni kwamba msimu ule Simba ilitetea ubingwa wake, ikaitoa Nkana, ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Machi 2019 ikaifunga AS Vita 2-1 pale Taifa na kutinga robo fainali. Walioapa kususa ndio hao hao waliokuwa wamekaa juu ya mabega ya wenzao siku ile.

Simsemi Djuma kwa ubaya. Alikuwa kocha mzuri. Ninachosema ni kwamba tatizo la Oktoba 2018 halikuwa Djuma wala Aussems. Tatizo lilikuwa klabu kuwa na wafalme wawili kwenye benchi moja, na sisi mashabiki tulichangia kumvika taji huyo wa pili. Kila timu ilipoyumba tuliliimba jina lake. Hakuna kocha mkuu duniani anayeweza kufanya kazi huku jukwaa linamwita aliyekaa pembeni yake. Kwa mapenzi yetu tulimfukuzisha mtu wetu.

UPANDE WA PILI WA BARABARA

Sasa twende Jangwani, maana Wananchi nao yamewakuta, ila kwa namna nyingine.

Cedric Kaze, Mrundi mwingine, alikuwa kocha mkuu wa Yanga kuanzia Oktoba 2020. Machi 2021 akaondolewa. Kwa kawaida mtu akishafukuzwa ukuu harudi kuwa msaidizi kwenye nyumba ile ile, ni kama kurudi kuuza duka ulilokuwa unalimiliki. Kaze alirudi. Chini ya Nasreddine Nabi akakubali kukaa kiti cha pili, na Yanga ikachukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mchezo, ikarudia 2022/23, na Juni 2023 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. USM Alger ilishinda 2-1 Dar, Yanga ikashinda 1-0 kule Algiers, kombe likaenda kwa mabao ya ugenini.

Baada ya hapo Nabi akaaga, Kaze naye akaondoka. Vijiwe vya Yanga vikawa kama vya Simba Septemba 2025. Msiba mtupu. Nani atakuwa anakaa na wachezaji? Nani anajua mfumo?

Yanga ikamleta Miguel Gamondi na benchi lake kabla ya maandalizi ya msimu kuanza. Ubingwa wa 2023/24 ukabaki Jangwani, na Ligi ya Mabingwa ikafika robo fainali. Kaze alipita Namungo, hakukaa sana, kisha akamfuata tena Nabi Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, na Mei 2025 wakabeba Kombe la Nedbank kwa kuifunga Orlando Pirates 2-1.

Kwa hiyo tuna kesi mbili. Ya kwanza, msaidizi kaondoka katikati ya msimu lakini bosi kabaki, na timu ikapaa. Ya pili, benchi zima limeondoka lakini ilikuwa Juni, dirisha liko wazi na kocha mpya anaanza na timu kambini, na timu ikaendelea kupaa.

Kesi ya Simba ya Septemba 2025 haifanani na yoyote kati ya hizo. Bosi aliondoka, wasaidizi wakaondoka, na ilikuwa Septemba. Ngao ya Jamii ilikuwa imeshachezwa na Yanga ilikuwa imeshinda 1-0. Ligi ilikuwa imeshaanza. Ligi ya Mabingwa ilikuwa imeshaanza. Siku mbili tu kabla ya tangazo timu ilikuwa Botswana inaifunga Gaborone United 1-0. Wachezaji waliosajiliwa kwa jicho la Fadlu walikuwepo, na jicho lenyewe halikuwepo.

BENCHI LIMEPWAYA

Anayetaka kujua benchi lilipwaya kiasi gani aangalie mchezo wa marudiano wa Jumapili iliyofuata. Seleman Matola, msaidizi pekee mwenye jina aliyebaki, alikuwa na adhabu ya kadi. Ikabidi Simba imuombe Hemed Suleiman 'Morocco', kocha wa Taifa Stars wakati huo, aje asimame kwa siku moja. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulikuwa hauna mashabiki kwa sababu ya adhabu ya CAF. Sare ya 1-1, jumla 2-1, Mnyama kapita. Baada ya hapo Nsingizini Hotspurs ya Eswatini ilikuwa inasubiri.

Tumepita, sawa. Lakini tusijidanganye. Klabu iliyocheza fainali ya Afrika Mei 25, 2025 dhidi ya RS Berkane, miezi minne baadaye iliazima kocha wa dakika tisini. Hilo ndilo linalopaswa kutukera, kuliko Fadlu kupanda ndege.

Na Fadlu mwenyewe ni somo. Kabla ya kuja Simba, Julai 2024, alikuwa nani? Kocha msaidizi. Alikuwa chini ya Mjerumani Josef Zinnbauer pale Raja, msimu wa 2023/24 waliomaliza ligi ya Morocco bila kufungwa. Simba ilimchukua msaidizi wa watu, ikampa timu, akakua, na wenye mtu wao wamerudi kumchukua akiwa bosi. Soka ndivyo lilivyo. Yanga nayo 2015 ilimwona Charles Boniface Mkwasa akitoka kuwa msaidizi wa Hans van der Pluijm kwenda kuinoa Taifa Stars. Msaidizi mzuri lazima ataondoka siku moja. Anayebaki miaka yote mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyemwita, au anaipenda sana nyumba.

MATOLA NA ILE NYUMBA

Hapo linakuja jina la Matola. Nahodha wa zamani wa Simba. Alirudi Msimbazi Desemba 2019 akitokea Polisi Tanzania, wakati mmoja na Sven Vandenbroeck. Tangu hapo hadi Septemba 2025 hesabu mwenyewe makocha waliopita: Sven, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho, Abdelhak Benchikha, Fadlu. Aprili 2024 Benchikha alipoondoka ligi haijaisha, timu ilipewa Juma Mgunda na Matola wakamalizana nayo hadi mwisho, nafasi ya tatu. Septemba 2025 tena, moto ulipowaka, akaitwa Matola.

Mashabiki wengi hawamwimbi. Wapo wanaomlaumu timu ikifungwa, na ikishinda anasahauliwa. Lakini ndiye pekee aliyekuwa na kumbukumbu ya kila kilichofanyika pale kwa karibu miaka sita. Anajua mchezaji gani akikemewa anazima na yupi akikemewa anawaka. Sasa jiulize, kumbukumbu hiyo iko wapi? Kama iko kichwani mwake tu, siku akiitwa kwingine Simba itaanza upya kama timu iliyopanda daraja jana.

Ndiyo maana nasema swali la kijiweni limekaa vibaya kidogo tu. Tunauliza, kwa nini ameondoka? Tungeuliza, ameacha nini?

Angalia wasaidizi wanavyopatikana hapa kwetu. Njia ni mbili. Moja, klabu inamwajiri msaidizi yenyewe na kumpachika kocha mkuu asiyemjua, kama ilivyokuwa kwa Djuma na Aussems. Faida yake, kocha akiondoka msaidizi anabaki. Hasara yake, bosi anamwona kama jasusi. Njia ya pili, kocha anakuja na watu wake, kama Fadlu alivyokuja na kina Darian Wilken. Faida yake, wanafanya kazi kwa kuaminiana na mambo yanakwenda haraka. Hasara yake ndiyo hii tunayoiona: wanakuja pamoja na wanaondoka pamoja.

Hakuna njia iliyo safi. Klabu yenye akili inachanganya. Kocha mkuu aje na watu wake wawili watatu, hakuna shida. Lakini awepo msaidizi mmoja wa klabu, mwenye leseni ya kusimama kwenye mechi za CAF, ambaye mkataba wake haufungamani na wa bosi, na bosi aambiwe mapema kabla hajasaini kwamba huyu ni wa nyumba na hatafuti kiti chako. Na mazoezi, video na ripoti za wachezaji viwe mali ya klabu, visiondoke kwenye kompyuta ya mtu.

Jambo la tatu ni mkataba wenyewe. Kocha anayefanya vizuri atafuatwa, hilo halizuiliki. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumpoteza Juni na kumpoteza Septemba. Nabi aliaga Juni na Yanga ikapata muda wa kupumua. Kipengele cha kuvunja mkataba kiwe ghali zaidi msimu ukishaanza. Fedha ikiwa nzito, hata Raja wangefikiria mara mbili.

SISI WA JUKWAANI

Tusiishie kwa viongozi. Na sisi tuna kazi yetu. Yanga ilibeba ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Kwa shabiki wa Simba wa Mbagala anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta riziki Kariakoo, hiyo ni miaka minne ya kutaniwa. Hasira zake nazielewa. Anatoa kiingilio, ananunua jezi, anataka ubingwa.

Lakini hasira ikielekezwa kwa mtu, mtu akiondoka inaisha, na tatizo linabaki pale pale. Ikielekezwa kwenye mfumo, viongozi watalazimika kujibu. Kwenye mkutano wa wanachama, badala ya kuuliza kwa nini mmemwachia Fadlu, mtu asimame aulize: msaidizi wa klabu ni nani, ana leseni gani, mkataba wake unaisha lini, na ripoti za msimu uliopita ziko kwenye kabati gani?

Na kocha mpya akija, tumwache afanye kazi. Timu ikifungwa mechi moja mkoani, tusianze kuliimba jina la msaidizi wake. Tulifanya hivyo 2018. Djuma aliondoka, na hatukuwahi hata kumuaga vizuri.