Msitufundishe Kumimina Nta Tu

Vijana wenzetu, mama zetu wa vikundi, na ndugu zetu wa mashirika, leo tuongee wazi. Hapa Nakivale vijana wengi tuko na vyeti. Kuna cha sabuni ya maji, kuna cha kusuka, kuna cha keki, na sasa kimeingia cha mishumaa ya harufu ya nta ya soya. Cheti kinawekwa kwenye plastiki, kinalala chini ya godoro pamoja na kadi ya familia, basi. Mwaka unaisha hakijaleta hata sahani ya maharage.

Sisi hatusemi mafunzo ya mishumaa ni mabaya. Tunasema ubaya ni kufundisha nusu. Anayetufundisha kumimina nta bila kutufundisha kujaribu mshumaa, kuhesabu gharama na kufika kwa mnunuzi, huyo hajatupa kazi. Ametupa mchezo wa siku tano.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanadhani ni kuyeyusha na kumimina. Nta ya soya ni mafuta ya soya yaliyofanywa magumu kiwandani kwa kuongezewa haidrojeni. Unaiyeyusha kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, si juu ya moto moja kwa moja. Nta nyingi za aina hii zinachanganywa na mafuta ya harufu zikiwa na joto la nyuzi 80 hadi 85, halafu zinaachwa zipoe mpaka nyuzi 55 au 60 ndipo zimiminwe kwenye glasi. Harufu inapimwa kwa uzito, mara nyingi asilimia 6 hadi 10 ya nta. Ukizidisha, mafuta yanatoka juu kama jasho. Ukipunguza, unauza nta tupu. Utambi nao unachaguliwa kwa upana wa glasi: ukiwa mwembamba unachimba shimo katikati na kuzama, ukiwa mnene unatoa moshi na glasi inapata moto mpaka inaweza kupasuka. Ukimaliza yote hayo, mshumaa unakaa wiki moja au mbili ndipo harufu inashika vizuri.

Sasa tuulize: katika zile siku tano, nani alibaki na kipimajoto? Nani alibaki na mizani ya gramu? Sisi tuliokuwa pale tulimimina nta ambayo mwalimu alikuwa ameshaipima. Tukapigwa picha tumeshika glasi, na jioni ya mwisho vyombo vyote vikarudi kwenye gari. Hakuna hata mshumaa mmoja uliowashwa mpaka ukaisha ili tuone unavyofanya. Na mshumaa ambao hujauona ukiisha, hujui kama utamchomea mteja nyumba.

Halafu kuna hilo neno "nyumbani". Wanasema ni kazi rahisi ya kufanyia nyumbani. Nyumba ya nani? Kwetu ni chumba kimoja, wengine bado paa ni turubai, sigiri iko mlangoni na watoto wanapita hapo hapo. Nta ikishika moto ukamwagia maji, moto unaruka juu. Inatakiwa kufunikwa na mfuniko na kuondolewa kwenye joto. Hilo lilipaswa kuwa somo la kwanza kabisa, kabla ya somo la kuchagua lebo nzuri.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo tunapodanganyana. Namba hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke bei atakayoikuta sokoni. Tuseme kilo moja ya nta ni shilingi 20,000. Harufu ya asilimia 8 ni gramu 80, tuseme 12,000. Kilo hiyo inatoa mishumaa kama mitano ya gramu 200, kwa hiyo glasi tano, tuseme 10,000. Tambi na lebo 3,000, mkaa 2,000, sehemu ya nauli ya kufuata mzigo 5,000. Jumla 52,000. Kila mshumaa umekula 10,400, na wewe mwenyewe bado hujajilipa hata shilingi moja.

Kikundi kikitoa 200,000 kwenye sanduku la akiba, kinapata mishumaa 19. Halafu hiyo mishumaa inakaa wiki mbili kwenye boksi ikisubiri harufu ishike. Wiki mbili pesa za watu zimelala, na ada ya shule hailali. Hii hesabu inachukua nusu saa kwenye ubao. Kwa nini haikufundishwa?

Na tukishatengeneza, nani ananunua? Hapa giza likiingia jirani anatafuta mshumaa mweupe wa kawaida au anawasha taa yake ya sola. Tangu 2023 mgao wa chakula ulipopangwa kwa makundi, na kundi la tatu likatolewa kabisa, nani kati yetu atatoa pesa ya unga anunue harufu ya vanila? Mnunuzi wa mshumaa huu yuko Mbarara na Kampala: hoteli, saluni, maduka ya zawadi, watu wa harusi. Sheria haitufungi kumfuata. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kutembea na kufanya kazi. Kinachotufunga ni nauli, ni mishumaa ya kuonyesha, ni mtu wa kutushika mkono mpaka kwenye mlango wa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mishumaa ya soya ilianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale mtu mmoja wa jimbo la Iowa alipotafuta kitu cha bei nafuu kuliko nta ya nyuki. Iowa ni jimbo la soya. Yule mtu aliangalia kilichojaa mashambani kwao, akaanzia hapo. Sasa sisi tumeletewa jibu lake, lakini hatukuletewa swali lake. Swali ni: hapa kwetu kuna nini? Soya tunaijua kwenye uji wa lishe, na wakulima wa Uganda wanailima, lakini huwezi kuigeuza nta kwenye sufuria, inataka kiwanda. Uganda pia ni nchi ya wafugaji wa nyuki. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ina harufu yake yenyewe. Hatusemi ndiyo dawa, labda nayo hesabu itaikataa. Tunasema mtu angeuliza kwanza kabla ya kuandika mradi.

Tunajua watakaosema: hawa vijana hawana shukrani, wanapewa bure na bado wanalalamika. Hapana. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu ilishapita zamani, wengine tumezaliwa hapa hapa. Jembe tunalitaka na mikono tunayo. Lakini jembe bila shamba ni mzigo wa kubeba tu.

Kuna mama anatoka na mafunzo amejaa matumaini, anakopa kwenye kikundi, anatengeneza, hauzi. Deni linabaki, na heshima yake kwenye kikundi inakwisha. Hilo haliandikwi kwenye ripoti. Ripoti inaandika idadi ya waliohitimu.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba kwa heshima lakini bila kuzunguka. Badala ya kufundisha watu wengi siku tano, fundisheni wachache miezi mitatu. Acheni mizani na kipimajoto mikononi mwa kikundi. Somo la gharama liwe kabla ya somo la kumimina. Tafuteni wanunuzi kabla ya kununua nta, na safari ya kwanza ya Mbarara iwe kwenye bajeti kama chai na soda za mafunzo zilivyo kwenye bajeti. Na baada ya miezi sita rudini muhesabu nani bado anauza. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwa wafadhili.

Na sisi vijana tuache kukimbilia kila orodha kwa sababu ya soda na nauli. Kabla ya kuandika jina, tuulize maneno matatu: vifaa vitabaki wapi, mnunuzi ni nani, mtaji unatoka wapi. Mwalimu asipokuwa na jibu, tusisaini. Ukumbi ukibaki mtupu siku moja tu, watatusikiliza kuliko barua kumi.