Visiwa Vinatuhusu Nini?

Tangu tuanze kuwafundisha watoto habari za mimea ya visiwani, wazazi wengine wanatujia na manung'uniko. Wanasema: “Toka Kasongo mpaka Kabambare hakuna bahari. Majani ya visiwa yatatupa nini?” Na katekista mwenzetu ameongeza kwamba somo hili ni la wapagani, kwa kuwa lasema viumbe hugeuka.

Wanaosema hivyo wanakula wali! Mpunga ulifika Kasongo pamoja na watu wa pwani katika karne ya 19, na lugha hii tunayobishana nayo ilikuja na misafara ya Unguja. Wali wao ni mtamu, habari za miti yao ndizo chungu?

Watoto hukariri kwamba kisiwa ni nchi iliyozungukwa na maji. Vema. Lakini kwa mmea, kisiwa ni mahali unapoweza kuishi, palipozungukwa na mahali usipoweza. Mti wa baridi ya mlimani haushuki kwenye joto la bonde. Basi Itombwe na Kabobo, upande wa mashariki ya Kabambare, ni visiwa ijapokuwa havina mawimbi. Kabobo ina ndege mdogo, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1955, asiyeonekana penginepo duniani.

Tena jambo lenyewe si la ajabu. Mbegu huletwa na upepo, na maji, ama tumboni mwa ndege. Miche ya mti mmoja haifanani kabisa. Ile iifaayo nchi ile ndiyo izaayo sana. Ikipita miaka maelfu kwa maelfu, ukoo wa kisiwani hautambulikani tena kwa ndugu zake. Katika msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, upo mpapindi, mnazi wa mwitu usioota kwingine isipokuwa Pemba, na jamaa zake wengi wako Madagaska.

Kwa mwenzetu katekista twajibu kwa ufupi. Papa Pio XII, mwaka 1950, hakukataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili. Na Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba fundisho la mageuzi ni zaidi ya kukisia tu. Yeye aliyetufumbulia urithi wa mimea, Mendel, alikuwa mtawa, akihesabu njegere katika bustani ya monasteri. Asome kwanza, ndipo atukemee.

Sasa hasara. Katika kisiwa cha Mtakatifu Helena, mbuzi walioletwa na mabaharia walitafuna misitu. Mzeituni wa huko, usiokuwa na mfano popote, ulikufa porini mwaka 1994, na mche wa mwisho wa bustanini mwaka 2003. Hakuna fedha ya kuununua tena.

Lakini sikieni habari ya Rodrigues, katika Bahari ya Hindi. Mti mmoja wa jamaa ya kahawa ulidhaniwa umekwisha. Mwalimu aliwaonyesha wanafunzi picha za mimea adimu, na mwaka 1980 mtoto mmoja akaleta tawi: mti ulikuwa hai, mmoja peke yake. Watu wakaanza kuukata kwa dawa, ikalazimu kuuzungushia ua. Mwaka 1986 vipande vilipelekwa bustani ya Kew, Uingereza. Vilichanua miaka na miaka bila kuzaa, mpaka mbegu zikapatikana mwaka 2003. Aliyeuokoa kwanza si profesa. Ni mtoto wa shule, kwa sababu alifundishwa kutazama.

Na sisi? Itombwe iliwekwa hifadhi mwaka 2006, Kabobo mwaka 2016. Karatasi ipo, moto na shoka havisomi karatasi. Mtoto wa Kabambare anayejua jina la mto Luama lakini hajui mti hata mmoja wa milima ile, ataulinda kwa nini?

Kwa hiyo somo hatuliachi. Jumamosi twaenda na wanafunzi ukingoni mwa mto, kila mmoja na daftari, kuandika majina ya miti kwa Kibangubangu, Kizimba na Kikusu. Mzazi anayenung'unika aje naye. Huenda anajua majina tusiyoyajua sisi.