Mtaji wa mahindi usiishie kwenye kompyuta mpya

Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisimamisha marekebisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10, wenye kompyuta za zamani wamebaki na uamuzi wa kufanya. Ushauri unaosikika zaidi madukani ni mmoja: nunua mpya. Ushauri huo una faida ya hakika kwa muuzaji wa kompyuta. Kwa mnunuzi wa mahindi wa Tingi, au katibu wa chama cha msingi cha kahawa katika milima ya Mbinga na Nyasa, ni lazima upandishwe kwanza kwenye mizani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ichukuliwe kwa mfano kwamba kompyuta mpya ni shilingi 900,000, na kwamba faida halisi ya mahindi, baada ya kulipa magunia, wapakiaji, usafiri na ushuru, ni shilingi 50 kwa kilo. Fedha hiyo ni faida ya kilo 18,000, yaani magunia 180 ya kilo 100. Kila mmoja aweke tarakimu zake. Jibu litatofautiana, lakini mtu akishaliona kwa magunia hatalisahau.

Hata hivyo, kuendelea na Windows 10 kana kwamba hakuna kilichotokea si kuokoa fedha. Muda wa nyongeza waliopewa watumiaji binafsi uliwekewa mwisho wa Oktoba 2026. Baada ya hapo, kila tundu jipya linalogunduliwa na wezi wa mitandao hubaki wazi. Kompyuta inayofungua akaunti ya benki asubuhi na kupokea flashi ya kila mteja mchana haifai kuachwa katika hali hiyo.

Ipo njia ya tatu, nayo ni Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland na ambao hupatikana bila malipo. Toleo liitwalo Linux Mint linahitaji kumbukumbu ya GB 2 tu, ingawa GB 4 ndizo zinazoshauriwa, pamoja na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Kompyuta nyingi zinazodharauliwa leo zina zaidi ya hapo.

Kinachowatia wengi hofu ni namna ya kupata intaneti, na hofu hiyo ina historia. Biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika msimu wa 1994/95, wakati ambapo baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazil na kupandisha bei ya New York. Mei 1997 bei hiyo ilivuka senti 300 za Marekani kwa ratili. Mwaka 2001 ilikuwa imeporomoka chini ya senti 50. Katika mawimbi ya namna hiyo, aliyepata habari mapema alijadiliana akiwa amesimama, na aliyechelewa alipokea bei aliyotajiwa.

Lakini habari ilikuwa ghali. Cyber Twiga ilipoanza kuuza intaneti jijini Dar es Salaam mwaka 1996, mteja wa mikoani alilazimika kupiga simu ya masafa marefu, na kila dakika ilihesabiwa. Mwenye Linux alichomeka modemu nyuma ya kompyuta, akaandika mwenyewe namba ya kupiga, jina lake na neno la siri, kisha akaiachia programu ya pppd kazi ya kuelewana na upande wa pili. Modemu nyingi za bei nafuu, zilizotengenezwa kuitegemea Windows, zilikataa kabisa.

Kilichobadilika leo ni waya zaidi kuliko utaratibu. Modemu nyingi ndogo za laini ya simu zinazochomekwa kwenye tundu la USB bado zinaweza kutumia pppd ileile, na namba inayopigwa kwa kawaida ni *99#. Kwanza laini iwekwe kwenye simu na namba yake ya siri iondolewe. Modemu ikichomekwa, mara nyingi hujitambulisha kama diski. Programu ya usb-modeswitch huigeuza iwe modemu, na tundu liitwalo ttyUSB0 hutokea. Baadaye mtumiaji hufungua orodha ya mitandao, huchagua nchi na kampuni yake ya simu, na kuhakiki jina la APN ambalo kampuni hiyo hutoa.

Orodha hiyo ikigoma, ipo programu ya wvdial, inayoandikiwa namba, jina na neno la siri katika faili moja fupi. Hata kama kampuni haidai jina wala neno la siri, nafasi hizo zijazwe neno lolote, kwani wvdial hukataa zikiwa tupu. Ni busara kuichukua wvdial mapema mahali penye mtandao mzuri, maana programu ya kutafutia intaneti haiwezi kupakuliwa na asiye na intaneti. Asiye na modemu atumie simu yake kwa waya wa USB. Mara nyingi Linux huitambua bila kuandikiwa chochote.

Nidhamu ya zamani nayo irudi. Zamani mita ilihesabu dakika, leo inahesabu megabaiti. Barua na hesabu ziandikwe kabla ya kuunganisha. Ndipo mtu aunganishe, apeleke, achukue bei, akate. Linux humruhusu mwenye kompyuta kuamua marekebisho yashuke lini, hivyo kifurushi hakiliwi gizani. Asiyaahirishe milele, lakini, kwa sababu usalama ndio uliomfanya ahame.

Wapinzani wa njia hii wana hoja moja nzito. Baadhi ya programu za uhasibu zimetengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, na baadhi ya mashine za kuchapa hazina mwafaka na Linux. Mwenye vitabu vya miaka mitano ndani ya programu ya namna hiyo asihame kwa pupa. Huyo pengine kompyuta mpya ni gharama halali ya biashara.

Kwa wengine, jaribio halina gharama kubwa. Linux Mint huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Nakala ya vitabu vyote iwekwe pembeni kwanza, kisha kwa wiki moja ya soko kazi zote zifanywe humo: jedwali la manunuzi, barua, tovuti ya benki, risiti, modemu. Kazi itakayokwama iandikwe.

Wiki ikiisha na orodha ya mikwamo ni ndefu, mfanyabiashara atanunua mashine mpya akijua anachonunulia. Orodha ikiwa tupu, faida ya magunia 180 irudi ilikotoka, kwenye kununua mahindi.