Shimo Lililoachwa Wazi Si Kadari, Ni Dhamana

Ndugu Waislamu, mtoto anapokufa maji, waombolezaji hufarijiana kwa neno moja: "Ni kadari ya Allah." Neno hilo ni la haki, lakini wengi hulitumia kwa batili. Kuamini kadari hakujapata kumruhusu mtu aache shimo wazi mlangoni mwa jirani yake.

Hapa Dodoma hatuna bahari. Lakini mvua za Desemba hadi Aprili hujaza makorongo, malambo na mashimo yaliyochimbwa mchanga na udongo wa matofali. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, ujenzi umeshamiri. Katika mitaa iliyobanana kama ya Chang'ombe, mtoto atacheza wapi ila kando ya mashimo hayo?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5, na zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Basi je, kadari huwachagua maskini?

Wapo watakaosema kuwa aliyezama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Naam, lakini hayo ni malipo ya aliyekufa, si msamaha wa aliyezembea. Mafaqihi tangu kale wamemtwika dhamana mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu bila idhini, akatumbukia mtu akafa. Basi mchimba mchanga aliyejiondokea, na mwenye kiwanja aliyeacha shimo la choo bila mfuniko, watajibu nini?

Na sisi wa misikitini je? Huchangishana sanda upesi. Tuchangishane mapema mbao na bati. Kamati za misikiti zikague mashimo kabla ya Desemba na ziwaite wahusika. Wakikaidi, wafikishwe Serikali ya Mtaa. Visima na mapipa yafunikwe. Huko Bangladesh, vijiji maskini huwakusanya watoto wadogo kila asubuhi, wazazi wakiwa kazini, chini ya uangalizi wa mwanamke aliyefunzwa, na vifo vya maji miongoni mwao vimepungua sana. Madrasa zetu zina majamvi na kivuli, zinashindwa nini?

Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Tulifunike shimo.

Wabillahi tawfiq.