Aila ya Wakili Badruddin na Daftari la Nyumbani



Juma hili twawaletea habari za aila moja ya Bombay, Bara Hindi. Badruddin Tyabji alizaliwa huko mwaka 1844, katika jamii ya Mabohora wa Suleimani, tawi lililo mbali na la Madaudi tunaojirani nao hapa Mombasa. Mwaka 1867 alirejea kutoka London na kuwa Mhindi wa kwanza aliyehitimu sheria huko kufanya kazi ya uwakili katika Mahakama Kuu ya Bombay. Mwaka 1895 akawa jaji wa mahakama hiyo hiyo.

Hakufika hapo peke yake. Baba yake, Mulla Tyab Ali, alikuwa mfanyabiashara aliyewapeleka wanawe kusoma ng'ambo, wakati ambao Waislamu wengi wa huko waliichelea elimu ya Waingereza. Kaka yake, Camruddin, alikwisha kumtangulia katika uwakili tangu mwaka 1858. Ndugu hao wawili walikuwa miongoni mwa walioasisi Anjuman-i-Islam mwaka 1874, jumuiya iliyowafungulia shule watoto wa Kiislamu. Badruddin hakuwabagua binti zake, nao aliwasomesha. Abbas, mwana wa nduguye, naye akawa jaji katika dola ya Baroda.

Lakini lililotuvutia zaidi katika aila hiyo ni daftari. Nyumbani mwao waliweka vitabu walivyoviita Akhbar, na humo waume kwa wake, wakubwa kwa wadogo, waliandika habari za jamaa: safari, harusi, maradhi na mazungumzo ya siku. Ndiyo sababu leo wanawake wa aila hiyo wanajulikana kwa maneno yao wenyewe, si kwa majina ya waume zao tu.

Sisi je? Wengi wetu twaweza kuhesabu mababu saba upande wa kuumeni, lakini tukiulizwa jina la mama wa bibi, twanyamaza. Na kunyamaza huko kuna gharama. Mirathi huzua ugomvi kwa sababu hakuna aliyeandika nani aliacha nini. Shamba la wakfu huuzwa kwa kuwa waliolijua wamekwisha kufa. Na zito zaidi ni la kunyonya: mtoto aliyenyonyeshwa na jirani huwa ndugu wa wana wa jirani huyo, na nikaha baina yao ni haramu. Aghlabu ushahidi wa jambo hilo uko kwa kina mama, nao huzikwa nao.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na ujamaa ni vivyo hivyo.

Dada zetu na mama zetu, nunueni daftari moja juma hili. Kaeni na bibi angali hai, mwandike: nani alizaliwa na nani, nani alimnyonyesha nani, kipi ni wakfu na kipi ni milki. Tieni tarehe, na majina ya waliokuwepo.

Wabillahi tawfiq.