Habari za Nchi: Matuta ya Usambara



Mwezi huu twaanza na habari ya mbali. Tarehe 1 Oktoba 2024 Bibi Claudia Sheinbaum aliapishwa kuwa Rais wa Meksiko. Tangu nchi ile ipate uhuru wake mwaka 1821, hakupata kuwako Rais mwanamke kabla yake. Sisi hatukustaajabu sana, kwa kuwa Bibi Samia Suluhu Hassan alikwisha kuapishwa Dar es Salaam tarehe 19 Machi 2021. Lakini kiti cha mtu mmoja si kipimo chote. Yatupasa kuuliza pia: je, mama ashikaye jembe huulizwa shauri kabla amri haijatolewa juu ya shamba lake? Milima yetu ya Usambara ina habari ya jambo hili. Wazee walioiona wanapungua, na vijana wengi hawaijui. Kwa hiyo twaiandika.

Mwaka 1946 Serikali ya Waingereza ilianza kazi katika bonde la Mlalo ili kuuokoa udongo. Shida ilikuwa ya kweli. Watu walikuwa wameongezeka, na tangu wakati wa Wadachi ardhi nyingi ilikwisha kutwaliwa kuwa mashamba ya wageni na misitu ya Serikali. Basi watu wakalima hata kwenye miteremko mikali, na mvua ilipokunya ilichukua udongo mwema mpaka mitoni. Mwaka 1950 kazi ile ikaenezwa mahali pengine pa Usambara. Wakulima wakaamriwa kuinua matuta yaliyofungamana, mfano wa visanduku, ili maji yasimame yasishuke mbio. Asiyefanya aliitwa barazani, akatozwa faini au akafungwa.

Amri ile ilitazama udongo, haikutazama mikono. Kazi ya matuta ni nzito, na waliolima chakula wengi wao walikuwa wanawake, ambao kuni na maji na watoto viliwangojea nyumbani. Mashamba nayo yalikuwa vipande vidogo vidogo, kimoja huku na kimoja kule. Basi watu wakanung'unika. Wengine walisema, huu ni utumwa. Wengine waliogopa kwamba ardhi ikiisha kutengenezwa itachukuliwa na wageni. Majumbe waliowekwa kuisimamia amri wakachukiwa na watu wao wenyewe. Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954, manung'uniko yale yalipata mahali pa kusemwa. Hata kabla ya uhuru wa mwaka 1961, masharti ya matuta yalikuwa yamekwisha kuachwa.

Watu walifurahi, lakini mvua haikuacha kunyesha, wala udongo haukuacha kushuka. Hapo ndipo tunapofundishwa sote. Watawala waliujua ugonjwa, wakakosea katika kuitoa dawa. Watu nao walikuwa na haki kuukataa mzigo, lakini kukataa peke yake hakuliponyi shamba.

Katika miaka ya 1980 mafundisho ya kuhifadhi udongo yalikuja tena Lushoto, lakini kwa njia nyingine. Watu walifundishwa kupanda majani ya gwatemala kwa mistari inayokata mteremko. Mizizi yake hushika udongo; majani hukatwa na kupewa ng'ombe zizini; na samadi hurudishwa shambani. Majani hayo asili yake ni Meksiko na nchi zilizo jirani nayo. Mama aliyeyapanda alipata chakula cha ng'ombe wake karibu na nyumba, na kwa kazi iyo hiyo akalilinda shamba. Faida aliiona kwa macho yake, wala hakuhitaji kutishwa kwa faini.

Walimu, mnapowafundisha watoto habari za Rehoboamu mwana wa Sulemani, wakumbusheni jinsi alivyoliacha shauri la wazee, akataka kuiongeza nira ya watu wake, hata makabila kumi yakamwacha. Watoto wetu watafahamu upesi wakiambiwa pia habari za matuta.

Nanyi akina baba, msidhani ya kuwa neno hili ni la Marais na majumbe tu. Mara ngapi baba huamua nyumbani kwamba shamba la maharagwe litakuwa la kabichi za kuuza, naye mama asikie habari siku ya kupanda? Mara ngapi wazee wa usharika hupanga siku za kazi ya kanisa pasipo kuwauliza akina mama watakaobeba mawe na maji? Huko nako ni kuamuru matuta.

Basi tunawaomba jambo moja mwezi huu. Jioni moja, baada ya sala, aliye na bibi au babu aliyeishi nyakati zile na amwombe asimulie, watoto wakisikiliza. Kisha mwende pamoja shambani, mtazame mahali maji yapitapo, mshauriane mtapanda nini hapo kabla mvua za masika hazijaanza. Na mama aanze kusema.

Mungu azibariki nyumba zenu.